Sahihi ya Jim Stewart: kisa cha Stax na kanda zilizokwenda

Mei 1968 kampuni ya muziki ya Stax, ya mjini Memphis katika jimbo la Tennessee, ilikuwa na studio yake, wanamuziki wake na jina lililojulikana Marekani nzima na Ulaya. Kitu kimoja haikuwa nacho: nyimbo zilizoijengea jina hilo. Kazi ya miaka karibu minane, kuanzia sauti ya Carla Thomas hadi ya Otis Redding, ilikuwa mali ya kampuni nyingine yenye makao New York. Hakuna aliyevunja mlango usiku, wala hakuna hakimu aliyetoa amri. Mwenye kampuni, Jim Stewart, alikuwa ametia sahihi yake mwenyewe, miaka mitatu nyuma, kwenye mkataba ambao hakuusoma.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa muda mrefu, na kila nilipokirudia nilianza kwa kumtafuta mwizi. Siku hizi simtafuti tena. Kinachonishughulisha ni ile sahihi yenyewe. Ilikuwaje mtu aliyekula mshahara wa benki, aliyezoea kuona watu wakipoteza nyumba kwa sababu ya karatasi, atie sahihi karatasi iliyoihusu kazi ya maisha yake bila kuipitia mstari kwa mstari? Jibu halipatikani siku ya sahihi. Inabidi kurudi nyuma mpaka studio ilipoanza.

Studio ndani ya jumba la sinema

Jim Stewart hakuwa mtu wa soul, muziki wa Weusi wa Marekani. Alikulia mashambani Tennessee, akajifunza kupiga fidla, akapenda kantri, muziki wa Wazungu wa kusini. Mwaka 1957 alianzisha lebo ndogo aliyoiita Satellite, bila mtaji wa maana. Dada yake mkubwa, Estelle Axton, naye mfanyakazi wa benki, ndiye aliyemshawishi mumewe waweke nyumba yao rehani, na kwa mkopo ule mwaka 1958 ikanunuliwa mashine ya kurekodia aina ya Ampex. Mtaji wa kwanza wa Stax, basi, ulikuwa nyumba ya Estelle. Nalisema hilo mapema kwa sababu wasimuliaji wengi humtaja mama huyu mara moja kisha wakaendelea na mdogo wake.

Mwaka 1960 walihamia kwenye jumba la zamani la sinema, Capitol, namba 926 barabara ya East McLemore, kusini mwa Memphis. Mtaa ulikuwa unabadilika: Wazungu wakihama, familia za Weusi zikiingia. Viti vya sinema viling'olewa, mapazia yakatundikwa kupunguza mwangwi, lakini sakafu iliachwa na mteremko wake, kwani kuisawazisha kulihitaji pesa ambazo hazikuwapo. Mteremko ule na ukubwa wa ukumbi viliipa Stax sauti yake: ngoma nzito, tarumbeta na saksafoni zikisikika kana kwamba zimesimama nyuma yako, na mwimbaji katikati ya watu badala ya juu yao.

Pale mbele, palipokuwa pakiuzwa peremende na bisi za watazamaji wa sinema, Estelle alifungua duka la santuri. Duka lile lilileta pesa ya kulipia kodi, lakini faida yake kubwa ilikuwa masikio. Vijana wa mtaa waliingia kusikiliza nyimbo mpya, naye akawauliza wanapenda nini na kwa nini. Wimbo uliorekodiwa nyuma ya ukuta uliweza kuchezwa dukani mbele ya vijana kabla haujatoka. Booker T. Jones alikuwa mwanafunzi wa shule aliyeshinda hapo. David Porter alifanya kazi kwenye duka la vyakula ng'ambo ya barabara, akavuka kuomba nafasi, na miaka michache baadaye yeye na Isaac Hayes wakawa watunzi waliowaandikia Sam & Dave vibao vyao vikubwa.

Kwa Memphis ya wakati ule, mji wenye sheria na desturi za ubaguzi, lililotokea ndani ya jumba lile halikuwa la kawaida. Bendi ya studio, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa na Weusi wawili na Wazungu wawili. Walirekodi pamoja, wakala pamoja, na walipotaka mahali pa kukaa na kutunga bila kusumbuliwa walikwenda Lorraine Motel, hoteli iliyowapokea wote. Steve Cropper, mpiga gitaa, alitunga vibao kadhaa humo, kimoja akiwa na Eddie Floyd, kingine akiwa na Wilson Pickett.

Hali hiyo ya kuaminiana, mlango ukiwa wazi na watu wakipimwa kwa kazi yao, ndiyo iliyoifanya Stax kuwa Stax. Stewart aliibeba na kuitumia hata pale ambapo haikufaa.

Kupeana mikono

Agosti 1960 Satellite ilitoa wimbo wa Rufus Thomas, mtangazaji maarufu wa redio WDIA, akiimba na binti yake Carla. Ulivuma Memphis na miji ya jirani. Habari zikamfikia Jerry Wexler wa Atlantic Records, New York, kampuni iliyokuwa na Ray Charles na wasanii wengine wengi Weusi. Wexler alipendekeza Atlantic isambaze wimbo ule nchi nzima, Stewart akakubali. Muda si mrefu ikafahamika kwamba kila upande ulikuwa umeelewa vyake. Stewart alidhani wamezungumzia nyimbo za Rufus na Carla peke yake. Wexler akasema ni kila kitakachotoka kwenye studio hiyo. Stewart hakubisha. Mwaka uliofuata Carla akapata kibao kilichoingia kumi bora za taifa, mambo yakaonekana yanakwenda vizuri.

Tusimcheke Stewart kwa kukubali. Biashara ya santuri wakati ule iliweza kumwua mtu mdogo kwa mafanikio yake mwenyewe. Ukipata kibao, kiwanda cha kuchapisha santuri kinataka pesa sasa hivi, ilhali wasambazaji wa mikoani wanakulipa baada ya miezi, na wengine hawalipi mpaka uwaletee kibao cha pili. Lebo nyingi ndogo zilikufa wimbo wao ukiwa unapigwa kila redio. Atlantic ilikuja na viwanda, wasambazaji na watu wa promosheni, ikachukua mzigo huo wote, na Satellite ikabaki na kazi ya kurekodi pamoja na fungu lake kwa kila santuri iliyouzwa. Kwa mtu mwenye rehani shingoni, huo ulikuwa msaada wa kweli.

Mwaka 1961, baada ya kibao cha bendi ya Mar-Keys kuvuma, ilibainika California kuna kampuni nyingine yenye jina Satellite. Wakachukua herufi mbili za mwanzo za Stewart na mbili za Axton, ikazaliwa Stax. Mwaka 1962 Booker T., kijana wa miaka 17, na wenzake walirekodi kile kibao cha kinanda kinachojulikana kuliko vyote, "Green Onions". Mwaka huohuo dereva aliyemleta mpiga gitaa kutoka Georgia aliomba dakika chache za mwisho za siku ajaribu kuimba. Dereva huyo ni Otis Redding.

Kwa karibu miaka mitano uhusiano wa Stax na Atlantic ulikwenda hivyo, kwa maneno na kupeana mikono. Wexler alikuja Memphis, akakaa studio, akafurahi. Alileta hata wasanii wa Atlantic warekodi pale, na Sam & Dave, kutoka Miami, waliachwa Stax kama watu wa kuazimwa: mkataba wao ulikuwa wa Atlantic, kazi yao ikitoka kwa chapa ya Stax. Memphis walionekana watoto wa nyumba. Kisheria walikuwa wageni.

Kifungu

Sasa tufike kwenye mkataba wa Mei 1965, na hapa naomba tukae kidogo.

Aliyetaka karatasi alikuwa Stewart mwenyewe. Aliona kwamba siku moja Atlantic inaweza kuuzwa, na yeye alikuwa amemwamini Wexler, hakuwa ameliamini jina la kampuni. Akataka ulinzi: iwapo Wexler ataondoka au Atlantic itauzwa, Stax iwe na haki ya kuvunja uhusiano na kwenda zake. Wazo lilikuwa zuri. Mtu asiyejua biashara asingeliwaza. Wanasheria wa Atlantic wakaandika mkataba, ulinzi ule ukawekwa kama alivyoomba, naye akatia sahihi. Hakuwa na mwanasheria wake wa kuupitia. Alikiri baadaye kwamba hakuusoma.

Ndani ya karatasi hizo kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba kanda zote ambazo Stax ilikuwa imezipeleka Atlantic na itakazozipeleka, pamoja na haki zote za kuzitoa na kuzinakili, ni za Atlantic. Yaani Stewart aliamini anakodisha, karatasi ikasema ameuza.

Kwa wasio karibu na kazi hii, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Wimbo una mali mbili ndani yake. Moja ni utunzi, maneno na mahadhi yake, na huo ni wa mtunzi na kampuni inayosimamia tungo. Ya pili ni rekodi, kile kilichofanyika siku ile, koo lile, ngoma zile, kwenye kanda ya kwanza ambayo wenye kazi huiita masta. Mwenye masta ndiye anayeamua santuri itachapishwa tena au la, itoke kwa jina gani, iwekwe kwenye filamu ipi, na pesa yake iingie wapi. Stax ilibaki na kampuni ya tungo, East/Memphis, na hiyo iliisaidia sana kupumua. Masta zilikwenda.

Angalia pia jinsi vifungu viwili vilivyokaa pamoja. Kile cha ulinzi kilimpa Stewart haki ya kuondoka. Kile cha masta kilihakikisha kwamba akiondoka, anaondoka mikono mitupu. Haki aliyoipigania isingeweza kutumika bila kumfilisi. Aliyeusoma mkataba huo wote kwa pamoja angeliona hilo kwa dakika chache, na sidhani ilihitaji elimu kubwa ya sheria. Ilihitaji mtu wa upande wa Stax, aliyelipwa na Stax, kukaa na karatasi usiku mmoja.

Wexler alisema miaka ya baadaye kwamba hata yeye hakujua kifungu hicho kimo, kwamba kiliwekwa na wanasheria. Inawezekana. Lakini kutojua kwake hakukumpunguzia chochote, na kutojua kwa Stewart kulimgharimu kila kitu, kwa hiyo siwezi kuzipa kutojua hizo mbili uzito sawa. Wahenga wetu walishalitaja jambo hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, tena limetiwa sahihi. Aliyeliandika ndiye aliyelifaidi.

Miezi sita

Mwaka 1967 ulianza kwa neema. Machi na Aprili wasanii wa Stax walizunguka Ulaya, na watu waliozoea kumbi ndogo za kusini mwa Marekani wakakuta umati unawasubiri London na Paris. Juni, Otis Redding aliimba kwenye tamasha la Monterey, California, mbele ya vijana wa Kizungu ambao wengi hawakuwa wamemsikia, na wakamwelewa usiku uleule.

Mwishoni mwa mwaka Atlantic ikauzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts, kwa dola milioni 17.5. Hofu ya Stewart ya miaka miwili nyuma ilikuwa imetimia.

Tarehe 10 Desemba 1967 ndege iliyombeba Otis Redding ilianguka kwenye ziwa Monona, karibu na mji wa Madison, Wisconsin. Alikuwa na miaka 26. Walikufa pamoja naye vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays, wengi wao bado hawajafika miaka ishirini, msaidizi wao na rubani. Alipona Ben Cauley peke yake, mpiga tarumbeta. Wimbo ambao Otis alikuwa ameurekodi siku chache kabla, "(Sittin' On) The Dock of the Bay", ulitolewa Januari na Machi ukashika namba moja nchini, wa kwanza kufika hapo huku mwimbaji wake akiwa marehemu. Cropper ndiye aliyeukamilisha studio, akichanganya sauti ya rafiki aliyempoteza juzi. Huwa nashindwa kuusikiliza ule mluzi wa mwisho bila kumfikiria mtu aliyekaa peke yake mbele ya mashine akifanya kazi hiyo.

Wakati huohuo Stewart alikuwa kwenye mazungumzo na wenye Atlantic wapya. Waliweka mezani dau la kuinunua Stax ambalo aliliona ni tusi. Akasema basi, ataondoka, na arudishiwe masta zake. Hapo ndipo alipoonyeshwa kifungu. Sam & Dave nao wakarudishwa Atlantic, kwa sababu walikuwa wa kuazimwa. Hata rekodi za Otis ambazo zilikuwa hazijatoka zilibaki huko, na albamu zake zilizofuata zikatoka kwa lebo ya Atco, ya Atlantic.

Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa kwa risasi kwenye roshani ya Lorraine Motel. Ile ile. Alikuwa Memphis kuwaunga mkono wazoa taka Weusi waliogoma. Mtaa wa McLemore uliona moto na vioo vikivunjwa, ingawa jengo la Stax halikuguswa. Watu waliokuwapo wameeleza kwamba ndani ya studio kitu kilikatika siku ile kati ya Weusi na Wazungu, na hakikuunganika tena kama zamani. Mei, Stewart na Axton wakaiuza kampuni kwa Gulf+Western, waliokuwa wamiliki wa kampuni ya filamu ya Paramount, ili ipate mtaji wa kuanza upya.

Kuanzia Desemba hadi Mei: mwimbaji mkubwa amekufa, bendi ya vijana imekufa, waimbaji wawili wamechukuliwa, masta zimekwenda, na mahali pa kutungia nyimbo pamekuwa mahali pa msiba wa taifa. Kampuni yoyote ingestahili kufunga.

Albamu ishirini na saba

Haikufunga, na sababu yake ni mtu mmoja aliyekuja Stax mwaka 1965 kushika promosheni. Al Bell, jina lake la kuzaliwa Alvertis Isbell, alikuwa mtangazaji wa redio, mtu mrefu, mwenye kauli ya mhubiri. Aliliona tatizo kwa ukali wake: lebo isiyo na nyimbo za zamani haina cha kuuza wakati inangoja kibao kipya. Maduka hayana sababu ya kuiagiza. Basi atengeneze nyimbo za zamani mpya, kwa mkupuo. Katikati ya 1969 Stax ikatoa albamu 27 na singo 30, yaani santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja, karibu kwa wakati mmoja, zikaonyeshwa kwa wasambazaji kwenye mkutano mkubwa mjini Memphis.

Nyingi hazikukumbukwa, na haikutarajiwa zote zikumbukwe. Lakini ili kufikisha idadi, Isaac Hayes aliruhusiwa kufanya anachotaka. Akafanya albamu yenye nyimbo nne tu, "Hot Buttered Soul". Mmoja una dakika 12, mwingine zaidi ya 18, na sehemu kubwa ya huo Hayes anazungumza taratibu juu ya kinanda kabla hajaimba. Redio hazikuwa na nafasi ya wimbo wa urefu huo. Watu waliununua hata hivyo, nakala zaidi ya milioni moja. Kabla ya hapo wasanii wa soul walihesabiwa kuwa watu wa singo, na albamu zilidhaniwa ni za Wazungu wa roki. Baada ya Hayes kila mtu alibadili hesabu.

Gharama yake ilikuwapo. Estelle Axton, ambaye hakuelewana na Bell, aliondoka mwaka huohuo wa 1969. Duka lake lilikuwa kiungo cha studio na mtaa, na kwa maoni yangu pengo lake halikuzibwa, ingawa mauzo ya miaka iliyofuata yaliweza kulificha.

Mwaka 1970 Stewart na Bell waliinunua kampuni yao kutoka Gulf+Western, na baada ya hapo ikaja miaka ya fahari. Hayes alitunga muziki wa filamu ya Shaft mwaka 1971, na mwaka 1972 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya wimbo bora wa filamu. Staple Singers, familia iliyotoka kwenye nyimbo za kanisa, walifika namba moja. Tarehe 20 Agosti 1972 Stax ilijaza uwanja wa Los Angeles Memorial Coliseum kwa tamasha la Wattstax, miaka saba baada ya ghasia za mtaa wa Watts. Kiingilio dola moja, watu zaidi ya 100,000.

Sauti ile ilifika mbali, na kwetu pia ilifika. Wakati Bell anamwaga albamu zake, soul ilikuwa ndiyo muziki wa vijana wa Dar es Salaam kwenye kumbi na madansi ya mchana, kiasi kwamba Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, mkoa uliokuwa na Dar es Salaam ndani yake wakati ule, aliupiga marufuku jijini kwa hoja ya kulinda utamaduni. Magazetini ukazuka mjadala wa wiki nyingi, vijana wakiuliza kwa nini muziki wa watu Weusi wa Marekani uhesabiwe ni wa kikoloni. Machi 1971 Staple Singers walisimama jukwaani Accra, Ghana, kwenye tamasha la Soul to Soul. Muziki uliorekodiwa kwenye sakafu yenye mteremko ulikuwa umerudi upande huu wa bahari.

Anguko la pili

Hili nitalipitia haraka, kwani lina mafunzo yake lakini halina fumbo. Mwaka 1972 Al Bell alifanya mkataba wa usambazaji na CBS, kampuni kubwa kuliko zote wakati huo, akapata na mkopo wa dola milioni 6, uliosaidia kuununua mgao wa Stewart. Makubaliano yalisimama juu ya mtu mmoja tena, Clive Davis, mkuu wa CBS Records. Mei 1973 Davis akafukuzwa kazi. Waliobaki hawakuuona mkataba ule kwa jicho lake. Santuri za Stax zikawa zinalala kwenye maghala ya CBS huku maduka madogo ya mitaa ya Weusi, yaliyoilea Stax tangu mwanzo, yakizikosa, na CBS ikizuia sehemu ya malipo.

Kosa la 1965 lilijirudia kwa sura nyingine. Mara zote mbili Stax ilimkabidhi mtu aliyeipenda, ikasahau kwamba mtu ana mwajiri.

Pesa ikakauka. Mkopo ukaombwa benki ya Union Planters ya Memphis, ukafuatiwa na mwingine. Serikali nayo ilikuwa imeanza kuchunguza mwishoni mwa 1972, baada ya mtu aliyefanya kazi na Stax kukutwa uwanja wa ndege wa Birmingham akiwa na dola 130,000 taslimu na hundi ya dola 500,000. Stewart, aliyekuwa ameshalipwa na angeweza kukaa nyumbani kwake kwa raha, alirudi na kuweka mali yake binafsi dhamana kuinusuru kampuni. Akaipoteza, pamoja na nyumba. Estelle alianza kwa kuweka nyumba rehani. Mdogo wake alimaliza kwa kuipoteza yake.

Desemba 1975 mahakama iliifunga Stax kwa maombi ya wadai. Maofisa wenye silaha waliwatoa watu nje ya jengo. Benki iliishika East/Memphis kufidia deni, hivyo utunzi nao ukaifuata masta. Al Bell alishtakiwa kwa udanganyifu wa benki, na mwaka 1976 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Rekodi za baada ya 1968 zilinunuliwa na Fantasy ya California mwaka 1977. Jumba la sinema lilipewa kanisa, likakaa likioza, na mwaka 1989 likabomolewa.

Kilichobaki McLemore

Kiwanja kilikaa kitupu zaidi ya miaka kumi. Kisha watu wa Memphis wakajenga upya jengo lile kwenye nafasi yake, na mwaka 2003 likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Ndani studio imerudishwa na mteremko wake wa sakafu, na gari la Cadillac la Isaac Hayes, lenye mapambo ya dhahabu, linazunguka taratibu. Kando yake kuna chuo cha muziki kwa vijana wa mtaa na shule. Kati ya yote yaliyofanyika kwa jina la Stax tangu 1975, shule ndiyo inayonipa faraja zaidi, kwa sababu inawapokea watoto wa mtaa uleule ambao Estelle aliwauliza wanapenda nini.

Nyimbo zenyewe mpaka leo zimegawanyika mahali pale pale palipokatwa mwaka 1968. Otis Redding na Sam & Dave ni mali ya Warner. Isaac Hayes na Staple Singers wako chini ya Concord, iliyoinunua Fantasy mwaka 2004. Mkusanyo unaotaka kusimulia historia yote ya Stax lazima uombe ruhusa pande zote mbili. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa nyimbo za majaribio, zile watunzi walizoimba wenyewe studio ili kumwonyesha msanii wimbo unavyokwenda. Zilikuwa zimekaa miongo kadhaa kwenye hifadhi ya kampuni iliyorithi tungo za East/Memphis, nyingi hazijawahi kutolewa.

Kwa wanamuziki wetu wa dansi jambo hili si geni. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao kwenye studio ya redio ya taifa, na kanda zikabaki redioni. Wimbo unaopigwa kila Jumapili umemkuta mtunzi wake mzee, hana nakala. Nimewahi kukaa na mwimbaji mmoja wa zamani aliyenionyesha mkataba wake na lebo moja ya hapa nyumbani. Nilimwomba aniruhusu niusome. Akasema, mwanangu, hata mimi sijawahi.

Jim Stewart aliishi kimya miaka mingi baada ya kuanguka. Mwaka 2002 alipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki hakwenda, akamtuma mjukuu wake. Alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 92. Mwaka 2018 alionekana, kwa nadra, pale McLemore. Akasalimiana na wanafunzi, akawaachia makumbusho fidla yake, ile aliyokuwa akiipiga kabla hajajua soul ni nini.